Daktari Asiye na la Kusema

Wanawake wa Uru walikuwa na mizani yao ya kupimia madaktari, na hakuna chuo kilichowafundisha. Gladys, jirani yake Kornelia, alisema daktari ni sindano. Anayekupa vidonge akakuaga bila kukuchoma amekuonea, bora ungebaki nyumbani ukanywa mtori, supu ya ndizi. Wengine walisema daktari ni mashine, kwa kuwa tangu serikali iruhusu watu binafsi kufungua zahanati, kila aliyepata chumba mjini Moshi alining'iniza kibao cha kutangaza mashine aliyonayo. Wapo waliotaka daktari mwenye mvi, anayegomba. "Asiyekugombeza hakujali," walisema, na hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, maana kwenye migomba ile hata mapenzi hupitia kwenye magombezo.

Kornelia aliwasikiliza kila asubuhi akiwapimia maziwa. Aliwachokoza, akacheka nao, lakini yeye mwenyewe hakutoa neno. Wangekuwa waangalifu wangeshangaa, kwa sababu Kornelia alikuwa na neno juu ya kila kitu: juu ya wanunuzi wapya wa kahawa waliopanda na malori yao wakitukana Ushirika, juu ya urefu wa mahubiri ya Jumapili, juu ya namna Monica, mke wa mdogo wake, anavyokata majani ya ng'ombe kama mtu anayenyoa mgonjwa. Likija suala la daktari, alitazama povu kwenye kikombe chake cha kupimia.

Sababu aliijua yeye na mtu mwingine mmoja tu.

Mwaka tisini na nne Kornelia alikohoa mwezi mzima. Akakonda, akatoka jasho usiku hadi shuka ikakamulika. Alikuwa mjane, watoto wako Arusha na Dar es Salaam, hakuna wa kumwuliza. Akateremka hadi Pasua, mjini Moshi, kwa Dakta Gidioni, kijana wa Machame, Mlutheri, ambaye watu wa Uru walikuwa bado hawajaamua kumwamini. Kornelia alimchagua kwa hilohilo: hakuwa na shemeji wala binamu hata mmoja Uru. Daktari akapima makohozi, akafunga mlango, akamwambia ni kifua kikuu, na kwamba kinapona.

Miaka ile ugonjwa huo ulitajwa kwa pumzi moja na ule mwingine ambao watu waliogopa hata kuutaja. Mtu akikohoa, majirani walikuwa wameshaanza kuangalia pa kumzika. Na huyu alikuwa muuza maziwa! Nani angemlisha mwanawe maziwa yaliyokamuliwa na mikono hiyo? Dakta Gidioni alielewa bila kuelezwa. Alimpa masharti mawili. La kwanza, asiguse maziwa ya watu mpaka yeye aseme. La pili, aje kila asubuhi kwa lango la nyuma, akae kwenye benchi la uani. Benchi hilo lilikuwa limebanwa kati ya ukuta na chumba cha maabara. Aliyeko barabarani hakuliona, wala aliyeketi barazani na wagonjwa wengine. Aliyelijua ni yule tu aliyekalishwa hapo na daktari mwenyewe.

Dawa za serikali daktari alizifuatilia yeye, sindano akamchoma yeye. Kornelia akawatangazia wateja kwamba ng'ombe amekauka, na maziwa yote akamwachia ndama, mpaka ndama akanenepa kiasi cha watu kuja kumtazama. Akabeba kikapu cha ndizi kila siku ili apate kisa cha kuteremka mjini. Miezi miwili ya sindano, sita ya vidonge. Makohozi yakapimwa tena na tena, yakatoka safi, na siku moja daktari akamwambia, "Mama, kamua." Akarudi kwenye nyumba zake tisa, na daktari mwenyewe akawa ya kumi. Si mdogo wake, si watoto, si padri aliyejua. Padri hasa, kwa kuwa kukohoa si dhambi.

Miaka miwili ikapita. Filbert, mtoto wa Jovin, mdogo wake Kornelia, akapata mchumba. Filbert alikuwa akipandisha wageni Mlima Kilimanjaro, na binti alikuwa Yuditha wa Kilema, fundi cherehani aliyepanga chumba Pasua. Kwa desturi yao, kabla pombe haijapelekwa ukweni, shangazi wa kijana hutumwa kuulizia ukoo wa binti: wanaishije na majirani, wanazikana vipi, wana ugonjwa gani wa kurithiana. Shangazi alikuwa Kornelia, na kazi hiyo aliipenda kuliko kuuza maziwa.

Ina lugha yake. Ukoo ukiwa mwema, utachoka kusikia. Utaambiwa habari za bibi aliyekuwa akilisha yatima, za babu aliyechimba mfereji, za mbuzi aliyechinjwa bila sababu ila ukarimu. Ukiwa na kasoro, hakuna atakayekwambia. Unayemwuliza atakutazama, atasema, "Mimi sina la kusema," kisha atakukaribisha ndizi. Unakula, unashukuru, unaondoka, shughuli imekwisha. Kornelia alikuwa ameshavunja posa mbili kwa njia hiyo, na hakuwahi kukosea. Hata yeye mwenyewe alisema hakuwahi kukosea, tena kwa sauti.

Kilema walimchosha kwa sifa. Katekista alisimama naye saa nzima kando ya uzio wa mimea ya masale akimsifu mama yake Yuditha. Kornelia akarudi Uru amejaa maneno mazuri hadi kooni, na Jovin akaagiza ndizi za pombe zianze kuchemshwa.

Ndipo Monica, mke wa Jovin, akamvuta pembeni.

"Wifi, Kilema ni mbali," alisema. "Binti anaishi Pasua. Kule anaonekana kwa Dakta Gidioni kila Alhamisi. Mwezi wa tatu sasa. Mtu mzima wa afya anatafuta nini kwa daktari kila Alhamisi?"

"Nani amemwona?"

"Ameonekana. Wewe si unampelekea maziwa daktari? Kamwulize. Kuuliza si ujinga."

Kornelia akaenda. Alimpata Dakta Gidioni ofisini kabla wagonjwa hawajajaa. Daktari alisimama, akamwamkia shikamoo kama kawaida yake, akapokea maziwa kwa mikono yote miwili. Kornelia akakaa bila kukaribishwa.

"Mwanangu, leo sina ugonjwa, nina swali. Kuna binti wa Kilema, anaitwa Yuditha, fundi. Anataka kuolewa kwetu. Nimesikia anakuja hapa."

Daktari aliweka maziwa juu ya meza.

"Sikuulizi jina la ugonjwa. Niambie tu kama ni mzima, niende nikaseme ni mzima."

"Mama, sina la kusema."

Kornelia aliyatambua. Maneno ni yaleyale. Akajaribu mlango wa pili. "Hata neno moja zuri? Sema ni binti mwenye adabu."

"Sina la kusema, mama. Karibu chai."

Na chai juu yake! Ingekuwa ndizi asingeshtuka zaidi. Akakataa chai, akapanda Uru kwa miguu mizito, akimhurumia Filbert, akimhurumia na binti kidogo, lakini hakuwa na shaka. Monica alikuwa akimngoja kwenye njia panda na fungu la majani kichwani.

"Amesemaje?"

"Hakusema kitu."

Monica akatua majani chini. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, wifi. Basi amesema."

Kornelia hakubisha. Kwa nini abishe? Ndivyo alivyoelewa naye. Mpaka jua linazama, habari ilikuwa imevuka mifereji miwili: mchumba wa Filbert ana ugonjwa ambao daktari mwenyewe anaogopa kuutaja. Jovin akaita kikao cha ukoo Jumapili baada ya misa. Filbert alikuwa mlimani na wageni, angeshuka Jumatatu, na wazee waliona ni heri akute mambo yamekwisha kuliko kumwachia nafasi ya kulia mbele yao.

Ijumaa mchana Kornelia alikuwa akifagia zizi, akasikia hodi. Alikuwa Yuditha mwenyewe, viatu mkononi kwa ajili ya tope, uso umekauka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Karibu." Neno hilo la shangazi lilimchoma kidogo.

Yuditha alikaa kwenye kigoda, akapanga viatu vyake kando. "Shangazi, nimesikia daktari amezungumza habari zangu. Nimekuja kukuuliza wewe uliyekwenda. Alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Kabisa?"

"Kabisa. Nilimbana huku na huku, akanijibu hana la kusema. Hata nilipomwomba akusifu adabu, hana la kusema."

Kornelia alijiandaa kwa machozi. Badala yake binti alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na kitu kama tabasamu kikampita usoni.

"Mungu amjalie," alisema.

Hapo Kornelia akapandwa na hasira. "Unafurahi? Mtoto wewe, kimya chake ndicho kilichokuharibia! Keshokutwa wanavunja posa!"

"Posa naitaka, shangazi. Filbert nampenda. Lakini nilipokuja hapa niliogopa jambo jingine. Niliogopa kwamba amesema. Kama angesema nisingerudi kwake, na pengine nisingekwenda kwa mwingine yeyote. Sasa najua Alhamisi nitakwenda."

"Unaumwa nini?"

Yuditha akainamisha macho kwa heshima, lakini sauti yake haikutetemeka. "Filbert anajua. Nilimwambia mwenyewe kabla hajaleta habari kwenu, nikampeleka hadi kwa daktari, daktari aeleze mbele yetu sote wawili. Mbali na Filbert, simwambii mtu. Hata wewe, shangazi, unisamehe."

Akaaga, akachukua viatu vyake. Kornelia alibaki na fagio mkononi. Miaka yote ya kuulizia hakuwahi kunyimwa jibu kwa upole namna ile. Alijaribu kumkasirikia, hasira haikuja. Kilichokuja ni kumpenda, jambo lililomwudhi zaidi, maana alikuwa ameshamhukumu.

Jumamosi asubuhi alipeleka maziwa Pasua kama kawaida. Daktari akamwamkia, akapokea. Kornelia hakuondoka. Alikuwa amelichemsha jambo kichwani njia nzima.

"Dakta, unamjua mdogo wangu Jovin?"

"Namsikia."

"Mzima?"

Jovin alikuwa akijitapa kila penye pombe kwamba hajawahi kukanyaga zahanati tangu abatizwe. Daktari hakupepesa jicho.

"Sina la kusema, mama."

"Na padri wetu?"

"Sina la kusema."

"Na kuna mama mmoja wa Uru, anaitwa Kornelia, muuza maziwa. Huyo je?"

Daktari alimtazama kwa utulivu, kama mtu anayeulizwa na mgeni habari za mgeni mwingine. "Sina la kusema."

Kornelia akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na kicheko kilipoisha alijikuta anafuta machozi kwa ncha ya khanga, kwa sababu aibu ilikuwa imemfikia. Maneno yaleyale! Maneno aliyomchinjia binti wa watu ndiyo yaliyomfunika yeye miaka miwili. Wangapi walikuwa wamekaa kwenye kiti kile wakauliza, "Yule mama mbona amekonda?" wakajibiwa hivyohivyo na kukaribishwa chai? Daktari huyu hakuwa jirani wa kuulizwa habari za ukoo. Hapo mezani kimya chake hakikuwa na maana yoyote, na yeye Kornelia, bingwa asiyekosea, ndiye aliyekitia maana na kukipandisha mlimani.

"Mwanangu, nimeharibu," alisema.

"Basi, mama, unajua pa kutengenezea," alijibu daktari. "Mimi huko siwezi kufika."

Jumapili wakakusanyika uani kwa Jovin, chini ya migomba, watu ishirini na zaidi wa ukoo pamoja na majirani wa karibu, Gladys akiwemo. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ilikuwa imeiva, imeiva vizuri mno kwa shughuli ya kuvunja. Kwa desturi, anayepewa zamu ya kusema hushika kata ya pombe. Akimaliza huonja yeye kwanza, kuonyesha kwamba ni safi, kisha humpa anayefuata anywe palepale alipogusa yeye. Jovin akampa dada yake kata.

"Dada, tulikutuma. Tuletee."

Kornelia akaanza na Kilema, hakubania hata sifa moja. Wakatikisa vichwa kwa heshima, wakingoja kilichobaki.

"Kwa daktari nimekwenda mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza nilimwuliza habari za Yuditha, akasema hana la kusema. Mara ya pili nilimwuliza habari zako, Jovin."

"Zangu mimi?"

"Zako. Akasema hana la kusema."

Kicheko kikalipuka, lakini si kwa kila mtu. Monica aligeuka akamtazama mumewe. "Pasua ulikwenda lini?"

"Sijawahi! Mimi? Tangu nibatizwe!"

"Mbona basi hana la kusema?"

"Ndiyo maana hana la kusema, mwanamke, hana cha kusema!"

"Huyo daktari hasemi hivyo bure," alisema Monica.

Mzee mmoja akamwangalia Jovin kwa makini, kisha akasogeza kigoda chake kidogo. Kornelia akaona hoja yake, aliyoipika usiku kucha, ikimwagika kama maji. Badala ya kumtoa binti mashakani, amemwingiza na Jovin. Watu hawa wangeweza kuambiwa mara mia kwamba kimya ni kimya. Masikio yao yalijengwa vingine, kama yake yalivyojengwa.

"Mambo ya Jovin tutayajua nyumbani," alisema Monica, akasimama. "Huyo binti sikuambiwa na mtu. Nimemwona kwa macho yangu haya, si mara moja. Anakaa kwenye benchi la uani, pale chini ya dirisha la maabara, amejifunika khanga hadi kwenye nyusi. Mtu mzima hujifunika hivyo?"

Benchi la uani.

Kornelia alikuwa amelikalia benchi hilo asubuhi sitini. Alijua ubao wake uliopasuka na harufu ya dawa inayotoka dirishani. Alijua pia kwamba hakuna jicho la barabarani wala la barazani linalolifikia. Wa kumwona aliyekaa pale ni yule tu aliyekaa naye.

Swali likaja lenyewe hadi kwenye ncha ya ulimi: Na wewe, wifi, ulikuwa umekaa wapi? Likitoka, kikao kimekwisha. Posa imepona, Monica amenyamazishwa, na ukoo mzima unacheka mpaka Pasaka. Kornelia alimtazama wifi yake ili alirushe vizuri, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akamwona. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Blauzi aliyoshonewa Krismasi ilimpwaya mabegani. Mkono aliouinua ulikuwa umebaki mifupa na mishipa.

Akalimeza swali. Lilikuwa tamu, akalimeza hivyohivyo. Monica aliona midomo yake ikifunguka na kufungika, na akakaa chini ghafla, kama mtu aliyesikia hatua nyuma yake.

"Sikilizeni," Kornelia akasema. "Mwaka tisini na nne ng'ombe wangu hakukauka."

Walimwangalia bila kuelewa.

"Alikuwa anatoa maziwa ndoo nzima, nikamnywesha ndama. Mliokuja kumshangaa yule ndama, ndiyo sababu yake. Sikuteremka mjini kuuza ndizi. Nilikuwa na kifua kikuu. Dakta Gidioni alinichoma sindano miezi miwili, akanipa vidonge miezi sita, akanikataza kugusa maziwa yenu mpaka aliponiona nimepona. Hamkunywa tone lenye ugonjwa. Nimepona, ndiye huyu."

Hakuna aliyekohoa. Gladys alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kornelia aliziona nyumba zake tisa moja moja, lakini maji alikuwa ameshayavulia nguo.

"Kila asubuhi mnabishana mbele yangu daktari mzuri ni yupi. Sindano, mashine, mvi. Mimi nilinyamaza, leo nasema. Daktari wangu ni yule aliyejua lililo baya kuliko yote juu yangu, na Uru nzima mkaja kulisikia leo, kwa mdomo wangu mwenyewe. Sindano angeweza kunichoma mtu yeyote. Kama ningejua atasema, nisingekwenda, na mngekuwa mmenizika. Kwa hiyo Yuditha anaumwa nini, mimi sijui. Pengine jino. Filbert anajua, binti alimwambia mwenyewe, na Filbert ndiye atakayelala naye nyumba moja, si sisi. Nilipoleta kimya cha daktari hapa nikakifanya jibu, nilikosea. Mimi, Kornelia. Nimekosea."

Hilo la mwisho liliwashtua wengine kuliko kifua kikuu.

Akainua kata, akaonja, akainyoosha kwa aliyekaa karibu yake. Alikuwa Gladys. Gladys aliitazama kata, akatazama alipogusa Kornelia, akajifanya kurekebisha kilemba. Kornelia akaisogeza kwa Jovin. Jovin, mwanamume wa kujitapa, alikuwa akichunguza vidole vyake vya miguu. Mkono wa Kornelia ulianza kuchoka. Kweli, wiki ile nyumba tatu zingemwambia kwamba wamepunguza chai. Moja ingerudi baada ya mwezi, mbili zisingerudi kamwe. Lakini hakuna kilichomwuma kama ile kata iliyosimama hewani mbele ya watu waliozaliwa naye.

Monica akainuka. Alipita katikati ya uani, akasimama mbele ya wifi yake, akashika kata kwa mikono yote miwili bila kuichukua. Nyuso zao zilikaribiana.

"Asubuhi zote hizo unampelekea maziwa," alinong'ona, "hajakwambia kitu? Juu ya mtu yeyote?"

"Hana la kusema, wifi," Kornelia akajibu kwa sauti ileile ya chini. "Na mimi pia sina."

Monica akanywa. Hakuonja; alikunywa mfululizo, palepale Kornelia alipogusa, mpaka kata ikainuka wima na mbegu za ulezi zikambaki mdomoni. Akajifuta kwa mgongo wa mkono, akageukia mumewe, na sauti yake ya kugomba ikarudi nzima.

"Jovin! Mnatazama nini? Pombe hii ikifika Jumatano itakuwa siki. Filbert akishuka kesho, keshokutwa tuko Kilema. Au mnataka tuwapelekee siki?"

Watu wakaanza kusimama, wazee wakaanza kubishana nani atabeba mitungi. Kornelia alikaa kwenye kigoda. Monica akaja akakaa kando yake, bega kwa bega, akamwegemea kwa uzito wake wote, na Kornelia akahisi jinsi uzito huo ulivyokuwa umebaki mdogo. Akajikaza ili amchukue vizuri, wala hakuuliza.